Mvua Inanyeshea Wote, Aplikasio Inasema na Nusu

Wewe unayesoma, usijifanye haujui. Uliona. Uliona mama kipofu amesimama nyuma ya watu. Watu walikuwa wameinamia telefone, wanasema, "Ona! Ona!" Yeye akauliza, "Nione nini?" Hakuna aliyejibu. Wewe ulikuwa pale. Ukatazama viatu vyako.

Mimi nakumbuka mengi. Nakumbuka siku walipotujengea bomba la maji, wakaliweka juu ya ngazi. Watu wa magongo walishindwa kupanda. Tukauliza. Tukajibiwa, "Tutarekebisha baadaye." Bomba limekauka zamani. Ngazi ziko pale mpaka leo. Nakumbuka pia kambi ya wakimbizi, siku ya kugawa mashiti, yale maturubai ya plastiki. Majina yaliitwa kwa megafone. Viziwi hawakusikia majina yao. Walilala bila shiti, na mvua ilinyesha. Wewe ulisema, "Masikini," ukaingia chini ya shiti yako.

Basi kaa, usome hii. Ni habari ya maharagi, ya mvua, na ya watu waliokataa neno "baadaye". Na safari hii, walishinda!

Kwenye kilima kimoja karibu na Nyamitaba kunakaa Uwingabire na bwana yake Théogène. Ni wakulima. Wazazi wao walilima kilima hicho, na wazazi wa wazazi wao. Wanalima maharagi na muhogo.

Uwingabire haoni. Surua iliharibu macho yake akiwa mtoto. Lakini mikono yake inajua kazi. Akishika jani, anajua hili ni haragi, hili ni gugu. Maharagi yakikaribia kukauka, anatikisa ganda karibu na sikio. Likilia vizuri anasema, "Kesho tunang'oa."

"Mama, wewe uko na redio mu masikio," Théogène humwambia.

"Na wewe uko na redio mu kinywa," yeye hujibu. "Tena haina kitufe cha kuzima."

Wewe mkulima unajua kazi ya maharagi. Unang'oa mmea wote na mizizi yake. Unautandaza uwanjani. Jua linakausha maganda mpaka yapasuke. Kisha unapiga na fimbo, mbegu zinatoka. Kazi hiyo inaomba jua. Maharagi yaliyong'olewa yakinyeshewa, yanaoza, ao yanaota ndani ya ganda. Haragi lililokwisha kuota uwanjani huwezi kulipanda tena. Na bila mbegu, hakuna msimu unaokuja.

Zamani mvua ilikuwa na heshima. Ilikuja kwa wakati wake. Siku hizi inakuja kama mgeni mlevi. Inaingia bila kupiga hodi.

Njo maana watu walifurahi aplikasio ya mvua ilipokuja. Jina lake ni Wingu Letu. Ni ya watu wote, mtu halipi kitu. Ilitengenezwa Goma na kijana anayeitwa Luc pamoja na wenzake. Siku ya Mungu, baada ya ibada, ilitangazwa kanisani. Unaifungua, unaona milima yako yote, kutoka Masisi mpaka porini Walikale. Kila mahali pana rangi. Rangi ya majani ni siku kavu. Manjano ni kujichunga. Nyekundu ni mvua kubwa. Na kama kuna hatari, kengele inalia.

Uwingabire naye alikuwa na telefone. Telefone yake ilikuwa inasema. Hiyo si miujiza. Karibu kila telefone ya kugusa ina sauti ndani yake. Unaingia mu parametre, yaani mipangilio, unatafuta neno "accessibilité", unawasha sauti. Ukipitisha kidole, sauti inakusomea kilicho chini ya kidole. Uwingabire alifundishwa hayo na Anne, kiongozi wa chama cha wanamama wenye ulemavu kule Mushaki. Kwa sauti hiyo alisoma ujumbe wa dada zake na kuwajibu mwenyewe.

Sasa akafungua Wingu Letu. Akapitisha kidole.

"Image," telefone ikasema.

Akasogeza kidole.

"Image," ikasema tena. "Bouton. Image. Bouton."

"Iko nasema nini?" Théogène akauliza.

"Iko nasema kwa Kifaransa: picha, kitufe, picha, kitufe."

"Picha ya nini?"

"Uiulize wewe. Mimi imenificha."

Théogène akacheka. "Wacha, mama. Mimi niko na macho. Nitatazama rangi, nitakuambia. Kazi imekwisha."

Haikuwa imekwisha.

Ilikuwa mwezi wa kwanza. Walikuwa wameng'oa maharagi ya shamba kubwa, yale mazuri ya mbegu. Uwanja wote ulijaa. Asubuhi Uwingabire alitoka nje, akanusa hewa.

"Papa, huu upepo siupendi. Fungua Wingu Letu."

Théogène akafungua. "Iko rangi ya majani. Hakuna mvua."

"Uko na hakika?"

"Mama, niko naona na macho yangu yote mawili!"

Wakaacha maharagi uwanjani. Wakashuka bondeni kwenye shamba la muhogo, telefone zimebaki nyumbani. Walikuwa bado wanalima mbingu ilipopasuka. Mvua ya mawe! Walikimbia kupanda kilima, Uwingabire ameshika shati la bwana yake kwa nyuma. Walipofika, uwanja ulikuwa mto. Maharagi yalikuwa yanateremka na maji, yanaingia katikati ya migomba.

Jirani yao Mukankusi alikuwa amesimama chini ya mabati yake. Maharagi yake yote yalikuwa ndani, makavu.

"Papa Théo!" akapiga kelele. "Kwani haukuona? Tangu asubuhi ilikuwa nyekundu! Nyekundu kama damu ya mbuzi!"

"Ilikuwa majani!"

"Majani! Ile kasiksi ulikunywa jana njo ilikuwa inatazama, si wewe!"

Théogène hakuwa amekunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, hata kikombe. Lakini mtu aliyelowa mvua, na maharagi yake yanakwenda na maji, nani anamwamini?

Uwingabire alipiga magoti kwenye matope. Alikuwa anakusanya maharagi kwa mikono.

"Nilikuuliza, papa," akasema. "Nilikuuliza, nikarudia kukuuliza."

"Haki ya Mungu, mama, niliona majani."

"Basi ulitazama na nini?"

Théogène akapiga magoti, akaanza kuokota naye.

Siku zilizofuata maharagi yalitoa machipukizi meupe ndani ya maganda. Mbegu ilikuwa imekufa. Likabaki shamba moja dogo, juu, nyuma ya jiwe kubwa. Maharagi yake yalikuwa bado yamesimama, yanakaribia kukauka.

"Ile njo mbegu yetu ya mwisho," Uwingabire akasema. "Ikinyeshewa nayo, mwezi wa tatu tutapanda nini? Tutapanda mawe? Na mimi, mambo ya rangi, sitakuuliza tena."

Maneno hayo yalimuumiza Théogène kuliko mvua ya mawe.

Siku ya soko walipanda pikipiki mpaka Mushaki, kumwona Anne. Alikuwa kwenye meza yake kando ya barabara, anauza nyanya na mashu, zile kabichi. Anne anatembea na magongo mawili tangu utoto wake. Ana maneno makali na kicheko kinachosikika mpaka ng'ambo. Uwingabire alimweleza yote. Mbele ya watu, alisema hata lile neno la kasiksi. Théogène aliinamisha kichwa.

Anne hakucheka. Alifungua Wingu Letu kwenye telefone yake.

"Papa Théo, sogea. Hapa Mushaki leo iko rangi gani?"

"Majani."

"Bon. Na huku Walikale?"

"Majani pia."

Wauza nyanya wote wakacheka. Walikale nzima ilikuwa nyekundu! Anne akainua gongo moja juu.

"Munyamaze! Papa Théo, tazama meza yangu. Nichagulie nyanya zenye zimeiva."

Théogène akanyosha mkono.

"Bila kugusa," Anne akasema.

"Namna gani bila kugusa? Nyanya unaijua na vidole!"

"Hapana, papa. Mimi naziona kutoka kule barabarani. Nionyeshe tu na kidole, kwa mbali."

Théogène akaonyesha moja. Ilikuwa mbichi. Akaonyesha nyingine. Mbichi, ngumu kama jiwe. Hakuna aliyecheka tena.

Mara Uwingabire akashika kichwa. "Papa! Ile ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?"

"Gaju ya baba yangu!"

Gaju ni ng'ombe wa rangi nyekundu ya udongo. Walipokuwa wapya katika ndoa, baba mkwe alimpa Théogène ng'ombe wake wote achunge. Jioni gaju ikakosekana. Théogène alitafuta malisho yote mpaka machozi yakamtoka. Watu wakasema imeibwa. Kumbe ng'ombe alikuwa amelala pale pale mbele yake, kwenye majani mabichi, anacheua!

"Nyeusi uliiona!" Uwingabire akasema. "Nyeupe uliiona! Gaju mu majani haukuiona! Baba akasema, 'Nimetoa binti kipofu kwa kipofu mwenzake.' Tulicheka mwaka muzima!"

"Mulicheka ninyi," Théogène akasema. "Mimi sikucheka." Akakaa polepole juu ya gunia la mashu. "Kumbe ni macho."

"Si kasiksi!" Uwingabire akapiga kelele. "Papa, haikuwa kasiksi!" Akapapasa mpaka akapata uso wa bwana yake. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Unisamehe. Nilikuita mulevi mbele ya nyanya!"

Barabara nzima ilikuwa inasema. Mwanaume mmoja alikuja mbio kwenye meza ya Anne. "Mama Anne, nipime na mimi!" Anne akawatuliza.

"Musikilize wote. Papa Théo alizaliwa hivi. Anaona milima, anaona njia, ananiona mimi na magongo yangu. Lakini nyekundu na majani zinamufikia kama rangi moja. Watu wa hivi wako wengi, zaidi wanaume. Wengine wanakufa bila kujua. Si ulozi. Haiambukizi. Kama muntu amezaliwa nayo, haina dawa. Na yeye hana kosa."

"Sasa kosa iko ya nani?" Théogène akauliza.

"Kosa iko ya ile aplikasio. Mama, ilikupa picha bila jina, telefone yako ikakosa cha kusoma. Papa, ilikupa rangi peke yake, bila neno. Mulango ni mumoja, na umewafungia wote wawili."

"Halafu mimi nilijifanya macho yake!" Théogène akasema, akapiga paja.

"Tumupigie mwenye kuitengeneza," Uwingabire akasema. "Sasa hivi. Shamba langu halingoji."

Namba ilikuwa chini kabisa ya aplikasio. Anne akapiga, akaweka sauti nje ili wote wasikie.

"Allô, Wingu Letu, ni Luc."

"Papa Luc, niko Uwingabire, mukulima wa Nyamitaba. Mimi sioni. Aplikasio yako imeniacha inje."

"Pole, mama. Lakini aplikasio yetu iko ya watu wote."

"Wote gani? Sikiliza." Akaweka telefone yake karibu na ile ya Anne, akapitisha kidole.

"Image. Bouton. Image. Image. Bouton."

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sasa uniambie: nianue maharagi, ao niyaache uwanjani?"

Luc akasema, "Mama, tutaweka hiyo baadaye, mu version yenye inakuja."

Baadaye! Neno hilo mimi nalijua. Nimelisikia kwenye bomba, kwenye kambi, kwenye shule, kwenye ofisi zote za mkoa huu. Baadaye ni mlango ambao hauna upande wa pili. Lakini siku hiyo lilikutana na Uwingabire.

"Baadaye ya wapi?" akasema. "Maganda yangu yako tayari. Papa Luc, funga macho yako. Usidanganye. Washa sauti ya telefone yako. Unitafutie Nyamitaba. Sisi tuko tunangoja."

Watu walisogea karibu. Hakuna aliyeuza kitu. Kwenye telefone walisikia sauti kutoka Goma: "Image. Bouton. Bouton. Image." Ikaendelea hivyo. Mama mmoja aliuma kitenge chake asicheke.

"Mama..." Luc akasema mwishoni. "Sijui niko wapi."

"Hata mimi," Uwingabire akajibu. "Karibu kwetu."

Kicheko cha Anne kilitisha kuku waliokuwa kando ya barabara.

"Bon, nimeelewa," Luc akasema. "Tutawatengenezea yenu, ya pembeni. Aplikasio ya walemavu."

"Ya pembeni?" Uwingabire akasimama. "Mvua yangu haiko ya pembeni! Mvua yenye inaninyeshea mimi njo ile yenye inamunyeshea Mukankusi! Na bwana yangu utamuweka mu aplikasio gani? Mpaka asubuhi ya leo, yeye mwenyewe hakujua kama macho yake yanachanganya rangi. Hapana, papa Luc. Tengeneza ile ile. Sisi wote tuingie mu ile ile."

Luc akasema, "Ninakuja Mushaki. Ninakuja mimi mwenyewe. Mukusanye watu."

Barabara ililia kama uwanja wa mpira bao likiingia!

Luc alikuja kweli. Pikipiki ilimwangusha kwenye matope kabla ya kufika. Aliingia salle, ukumbi wa kanisa, amejaa udongo mpaka masikioni.

"Mungu amekubatiza," Anne akamwambia. "Sasa unaweza kuanza kazi."

Salle ilikuwa imejaa. Watu wasioona walikuja. Watu wa magongo walikuja, na watu wa viti vya magurudumu waliobebwa kwenye matope. Luc alifungua kompyuta. Alikuwa amefanya kazi nzuri, hivyo alidhani. Alikuwa ameipa kila picha jina, tena kwa Kiswahili. Uwingabire akagusa Nyamitaba.

"Picha ya wingu la kijivu lenye matone matatu ya buluu," telefone ikasema.

Salle ikacheka. Uwingabire naye akacheka.

"Papa Luc, mimi sikuuliza wingu limevaa nini. Niambie mvua inakuja ao haikuji. Na inakuja saa gani."

Luc akajipiga kwenye paji la uso. Akaandika tena. Uwingabire akagusa tena.

"Nyamitaba. Mvua kubwa. Baada ya saa sita."

Loo! Watu waliruka. Kipofu mmoja aliomba arudishiwe sentensi hiyo kama wimbo. "Nyamitaba. Mvua kubwa. Baada ya saa sita." Uwingabire aliweka telefone kifuani.

"Inaniambia mimi," akasema. "Inaniambia mimi mwenyewe."

Kisha Théogène akaenda mbele. Alisema rangi zibaki, wengine zinawasaidia. Lakini kila rangi iwe na neno lake na alama yake. Luc akaandika. Siku kavu ikapewa alama ya jua na neno KAVU. Siku ya kujichunga ikapata mstari mmoja mzito na neno CHUNGA. Mvua kubwa ikapata mistari mitatu na maneno MVUA KUBWA. Herufi zilikuwa nyeusi, nene, juu ya nafasi nyeupe.

"Walikale leo?" Anne akamuuliza.

Théogène akatazama. "Mistari mitatu. Mvua kubwa." Akageuka kwa watu. "Nani anacheka sasa? Acheke nimuone!"

Mzee mmoja ambaye mikono yake inatetemeka akalalamika. Vitufe ni vidogo kama mbegu ya mtama. Yeye anataka Masisi, kidole kinaangukia kwingine. Luc akafanya vitufe vikubwa, vyenye nafasi katikati. Kidole cha mzee kikafika.

Kutoka Walikale, mtu mmoja anayeitwa Prince hakuweza kufika, kwa sababu ya barabara. Alituma video. Prince ni kiziwi. Anaanika mchele na kuuza. Alisema kwa mikono, haraka haraka, na uso umekasirika. Anne, anayejua lugha ya ishara, alitafsiri.

"Anasema: kengele yenu ya hatari inalia. Inamulilia nani? Muchele wangu ulilowa wote. Jirani akaniambia kengele ililia sana. Telefone ilikuwa mu mufuko wangu!"

Watu wakasema "Eee!" kwa uchungu.

"Anaomba telefone itetemeke, taa yake iwake na kuzima, na maneno yaandikwe makubwa. Na kama kuna video ya kufundisha, iwe na lugha ya ishara." Anne akatazama tena mikono ya Prince, akacheka. "Anaongeza: huyo Luc nimemuona kwa picha, ni mwembamba sana. Aje Walikale, tumulishe."

Luc alifanya itetemeke. Aliwasha taa. Watu wengine wakamkumbusha kwamba wako na telefone ndogo za vitufe, hazina aplikasio. Basi akaweka ujumbe mfupi wa maandishi, na namba ya kupiga ambayo inasema habari za mvua kwa Kiswahili. Na ile aplikasio yenyewe aliipunguza uzito, ili ifunguke hata rezo, mtandao wa telefone, ikiwa dhaifu.

Mwishoni Anne alisimama na magongo yake. "Musisahau: aplikasio si nabii. Inaweza kukosea. Tazameni mbingu, nuseni upepo. Lakini neno lenye inalo, lifike kwa kila muntu. Njo hilo tu tuliomba."

Maharagi ya shamba dogo yakakauka. Uwingabire akatikisa ganda, likalia. Wakang'oa yote, wakayatandaza uwanjani. Mbegu yao ya mwisho ilikuwa pale, juu ya udongo, chini ya mbingu.

Siku hiyo jua lilikuwa kali. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Kilima kizima kilikuwa kimeanika. Mara telefone ikatetemeka kwenye kitenge cha Uwingabire.

"Nyamitaba. Mvua kubwa. Kabla ya saa nane."

"Papa!"

Théogène alikuwa amekwisha kutoa yake. "Mistari mitatu! Mvua kubwa! Mama, nimeisoma! Nimeisoma mimi!"

Mukankusi akachungulia juu ya ua. Telefone yake ilikuwa imezimika, batri imekufa. "Mvua gani, na jua hili? Leo munakunywa wote wawili?"

Uwingabire alitembea mpaka ukingoni mwa uwanja. Kwenye milima yetu, sauti ya mtu inavuka bonde. Aliweka mikono kinywani.

"Eee, watu wa huku! Eee, watu wa ng'ambo! Anueni! Mvua kubwa inakuja!"

Watu waliinua macho. Jua. Walitazamana. Tangu lini kipofu anatuambia habari za mbingu? Mmoja alicheka. Uwingabire aliita tena, na Théogène akaita pamoja naye. Kisha upepo ukageuka, baridi, kutoka nyuma ya kilima. Hapo kila mtu akaanza kukimbia!

Uwingabire na Théogène walibeba mafungu yao ndani. Yeye alifunga, bwana akabeba. Yeye alijua kila pembe ya uwanja kwa miguu, hakuacha hata mmea mmoja. La mwisho lilipoingia, hawakukaa. Walikimbia kwa Mukankusi. Alikuwa peke yake, uwanja umejaa, anazunguka kama kuku.

"Mama Mukankusi, shika huku!" Uwingabire akasema. "Usilie, beba!"

Fungu la mwisho liliingia na matone ya kwanza. Kisha mawe yakaanza kupiga mabati. Walikaa wote juu ya maharagi, wamelowa jasho, wanacheka bila kujua wanacheka nini.

"Papa Théo!" Mukankusi akaita. "Ile neno ya kasiksi..."

"Sikusikii! Mvua inapiga kelele!"

"Ninasema, nisamehe!"

"Sema na nguvu!"

"Nisamehe!"

"Nilisikia tangu mwanzo," Théogène akasema. "Ilikuwa tamu, nikataka tena."

Jua liliporudi waliyakausha vizuri, wakayapiga na fimbo. Uwingabire alipitisha mbegu kwenye vidole vyake, punje kwa punje. Zote zilikuwa ngumu, kavu, nzima. Mwezi wa tatu walipanda shamba kubwa lote. Sasa maharagi yamefika magotini. Ng'ambo ya bonde, watu wakitaka kujua habari za mvua, wanapiga kelele, "Eee, Uwingabire! Kesho namna gani?"

Sasa wewe. Sikuandika hii ili useme, "Habari nzuri," halafu ulale.

Kama kazi yako ni kutengeneza aplikasio, ita watu hawa kabla ya kuanza. Usiwaite baada ya kumaliza. Na kama wewe ni mtu wa telefone tu, kama sisi wengi, kazi yako ni hii. Karibu na nyumba yako kuna mtu asiyeona, ao asiyesikia, ao ambaye mikono yake inatetemeka. Unamjua. Unajua jina lake. Inuka, enda kwake leo, jua likiwa bado juu. Kaa naye. Fungueni pamoja ile aplikasio ya mvua mnayotumia huko kwenu. Muulize, "Inakuambia nini?" Akikujibu, "Hainiambii kitu," usimpe pole. Pole haianui maharagi. Pigeni namba ya walioitengeneza. Aseme yeye, wewe ushike telefone. Wakiwaambia "baadaye", msikate. Bakieni pale pale, muwaulize saa gani.

Usingoje kumaliza kukunja karatasi hii. Simama. Enda.